Dereva wa Sengerema Aliyeongoza Langalanga

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, maiki mkononi, mbele ya baba mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Na baada ya leo, hata hilo "mtarajiwa" nalitamka kwa kunong'ona.)

Kwa wasionijua: mimi ndiye natafsiri filamu kwenye banda la video la Mama Kulwa, hapa Pasiansi. Sauti ya Wazungu inazimwa, naongea mimi. Kazi halali kabisa. Lakini Mzee Magesa, baba yake mchumba wangu Vero, aliwahi kumuuliza binti yake kama kupiga kelele gizani nayo ni kazi. Barua ya posa tumempelekea kwake Nansio, Ukerewe, wiki ya tatu sasa. Kimya.

Leo alasiri Mama Kulwa kaniambia filamu hakuna, tunaonyesha mbio za magari ya langalanga, moja kwa moja kutoka Ulaya. Nikashuku papo hapo. Banda hili halijawahi kuonyesha magari.

"Nani kaomba?" nikamuuliza.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe tangaza tu," akasema, na usoni hakunitazama.

Dakika kumi hazijapita, mlangoni kaingia Mzee Magesa. Kofia mkononi, katoka kwenye meli ya Ukerewe. Dereva mstaafu wa malori, maisha yake yote barabarani. Nikaelewa nani kaomba magari. Huu ni usaili!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Akakaa benchi la nyuma, akakunja mikono. Alivyolivuta lile neno "kazi", mimi sikupenda.

Mbio zikaanza. Kona ya kwanza tamu, magari yanasukumana, watu wakasimama. Baada ya hapo, basi. Wa kwanza kabaki wa kwanza, wa pili wa pili, wanafuatana kama bata wanaokwenda ziwani. Mzunguko wa tano, vilevile. Wa kumi, vilevile. Wanaingia kubadilisha tairi, wanatoka, kila mtu anarudi nafasi yake. Hizi ni mbio au foleni ya kivuko? Mtu una gari la namna ile halafu unashindwa kumpita mwenzako saa nzima? Nikasema moyoni, hapa pamepangwa.

Mbele jamaa mmoja akapiga miayo. Wawili wakatoka nje. Nikageuka kumtazama mzee: macho kayafumba nusu. Nikaona posa yangu inasinzia.

Ndipo nikaanza kutia chumvi. (Kidogo tu. Kijiko.) Nikasema yule wa pili anamfukuza wa kwanza kwa sababu kamnyang'anya mchumba. Waliotoka wakarudi. Nikasema wa tatu ni shemeji yao, anawakimbilia awasuluhishe. Vicheko! Mama mmoja muuza dagaa akasimama na beseni lake, "Mkamate huyo mwizi! Mkamate!"

Nikageuka tena kumtazama mzee. Kafumbua macho. Anatabasamu, au jino linamuuma? Nikamchunguza. Nikamchunguza muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Niliporudisha macho kwenye runinga, Mungu wangu! Mbele kabisa kuna gari ambalo sijaliona tangu mbio zianze. Lina paa! Juu ya paa taa zinawaka na kuzima! Na wale wengine wote wako nyuma yake, hakuna anayethubutu kulipita.

"Nani huyo?" watu wakauliza.

Mtafsiri hasemi sijui. Ukisema sijui mara moja, kesho unauza karanga.

"Ametokea nyuma!" nikapaza sauti. "Amewapita wote, na gari la kawaida kabisa, lenye milango!"

"Wa wapi huyo?"

Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. "Wa hapahapa! Mama yake ni wa Sengerema!"

Banda likalipuka. Watu juu ya mabenchi. Muuza dagaa akampigia simu dada yake aliyeolewa Sengerema. Dereva mmoja wa bodaboda akaapa kwamba alisoma naye darasa moja. (Alisoma naye! Mtu ambaye nimemtunga sekunde nne zilizopita!)

Mizunguko mitatu, ndugu yetu anaongoza. Kisha taa zake zikazimika, akakata pembeni, akaingia kwenye njia ya mafundi, akapotea. Wale wengine wakakanyaga mafuta wakaenda zao.

"Mbona wamemtoa?"

"Hujuma hiyo!"

"Kwa sababu ni wa kwetu!"

Muuza dagaa analia machozi ya kweli. Nami, badala ya kunyamaza, nikasema kwenye maiki, "Nilishuku tangu mwanzo! Haya mashindano yamepangwa!"

Mzee Magesa akasimama.

"Kijana," akasema taratibu, "lile ni gari la usalama. Kumetokea ajali pale konani wakati wewe unanikodolea macho mimi. Likitoka lile, wote wanapunguza mwendo na hakuna ruhusa kulipita. Halishindani."

Wa kwanza kunizomea akawa yule wa bodaboda, yule aliyeapa kasoma darasa moja na dereva wangu wa kutunga.

Mbio zilipoisha (kashinda yuleyule aliyekuwa wa kwanza tangu kona ya kwanza, asanteni), mzee akaniita nje. Nikaenda kichwa chini. Nilitaka ardhi ya Pasiansi ipasuke.

"Mbio hizi siku hizi zinanilaza usingizi," akasema. "Zamani magari yalikuwa yanapitana, unasahau hata chai. Leo nimefika mwisho bila kusinzia, na ni wewe. Kazi yako nimeiona."

Nikapata pumzi. Akatoa bahasha kwenye koti. Barua yetu!

"Nilikuja na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo," akasema. "Lakini baada ya kumsikia huyo wa Sengerema, nimeona niisome upya. Hiki kiwanja cha Buswelu mlichoandika humu, chenye msingi na mipapai mitatu. Kesho utanipeleka nikakione kabla sijapanda meli."

Jamani, msicheke. Mwenye kiwanja Buswelu, msingi upo, mipapai hata miwili, aniazime mpaka kesho saa nne asubuhi.