Kiwango cha Kumtazama Mgonjwa

Tangazo lilibandikwa juu ya dirisha la dawa la hospitali moja ya Mbeya, limegongwa mihuri mpaka maandishi yakakosa pa kupumulia. Kuanzia mwaka huu, mwanafunzi wa ufamasia hapewi shahada mpaka Kamati ya Viwango vya Umahiri imwone akimtazama mgonjwa machoni, naye mgonjwa ayarudie maelekezo ya dawa kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. Jambo jema kabisa. Nani asiyependa foleni ielimike?

Tupokigwe wa mwaka wa mwisho akasimama dirishani, koti jeupe limenyooka kwa pasi. Kamati ikamwita mgonjwa wa kwanza. Akaja mzee Asukile na kikohozi chake. Baba mkwe wake!

Jamani, mke wa Kinyakyusa, ambaye mila humkataza kumtazama baba mkwe wala kusema naye, amkodolee macho? Tupokigwe akajitupa nyuma ya kabati. Mzee naye akageukia ukuta.

"Ewe kabati," akasema Tupokigwe, "mwambie anayekohoa anywe kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Ewe ukuta," akajibu mzee, "mwambie asubuhi kijiko, jioni kijiko. Nashukuru."

Mwenyekiti wa Kamati, Ndugu Liberatus, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kitaifa. "Umeanguka, binti."

"Ndugu Mwenyekiti, yule ni mkwe wangu. Na dawa ameielewa."

"Kiwango hakina mkwe."

Basi, miaka yote ya kusoma ikaishia nyuma ya kabati. Tupokigwe akafuta machozi, akarudi dirishani, maana wagonjwa hawakuanguka mtihani.

Mchana foleni ikiwa imefika nje, Ndugu Liberatus akajipenyeza mbele, anatembea kama aliyebeba mayai. Landrova ilimtikisa tangu Iringa.

"Binti," akanong'ona, "ile dawa ya bawasiri... Geuka kidogo, usinitazame."

Tupokigwe akamkazia macho. "Kiwango hakina mwenyekiti. Kidonge hiki hakimezwi, kinaingizwa kule nyuma, umelala ubavu. Haya, rudia kwa sauti."

"Mbele ya watu?"

"Foleni ielimike."

"Paza sauti, baba!" akadakia mama Damari, muuza ndizi wa Mwanjelwa. "Sisi wa mwisho hatusikii!"

Ndugu Liberatus akatazama foleni. Akatazama kidonge. Polepole akageuka.

"Ewe ukuta," akasema, "mwambie huyo binti amefaulu."

Tupokigwe akaingia nyuma ya kabati.

"Ewe kabati, mwambie atie saini kwanza."