Chumba cha Nyuma ni cha Seva

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimewasilisha Mpango wa Kuboresha Mitambo ya ushirika wetu wa maziwa ya ngamia, hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo. Mimi Jillo ndiye fundi wa kompyuta. Akina mama huniita Injinia, na nadhani si kwa heshima. Mpango una awamu tatu. Ya kwanza: seva itoke chini ya meza ya chai. Kompyuta iliyobeba habari zote za ushirika haiwezi kuishi jirani na chupa ya chai. Wiki jana ilimwagikiwa, ikazima, nikaianika juani kama kanzu.

Nataka chumba cha nyuma. Kina mlango, kina dirisha, kina soketi isiyotoa cheche. Tatizo ni Mama Istahil. Naye anakitaka, awe anafukizia mitungi humo badala ya kuhangaika na upepo wa uani. Nilimweleza kwa upole kwamba moshi ni mambo ya zamani. Akaniuliza kama seva imewahi kulisha mtu.

Mwenyekiti wetu, Mama Umulkheir, amesema ataamua Ijumaa baada ya swala. Chumba atapewa yule atakayesaidia maziwa kufika Nairobi bila matata. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 4 Februari

Wazo limenijia! Kila mama hufunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa mtungi, ili Warsame, anayepokea maziwa Nairobi, ajue ni ya nani na yaende kwa mteja gani. Vitambaa! Zama hizi! Nimechapisha stika zenye msimbo. Warsame ataelekeza simu tu, jina litokee. Nilijaribu na mtungi wa Mama Istahil. Jina likatokea kwa herufi kubwa. Hata yeye aliguna, na kwake kuguna ni pongezi.

Mitungi mitupu iliposhushwa kwenye basi la alasiri, nikaibandika yote stika. Kisha nikakata vitambaa. Mifumo miwili huchanganya watu. Nikavitia motoni ili mtu asishawishike kurudi nyuma.

Jumatano, 5 Februari

Siku njema kwa kila namna ila moja. Nilisahau kwamba kila jioni mitungi huoshwa kwa maji ya moto, halafu huinamishwa juu ya moshi wa kuni za ejersa, yaani mzeituni mwitu. Ndiyo kazi ya ushirika huu tangu kabla sijazaliwa. Mimi mwenyewe hunuka moshi huo hadi nyumbani. Jana niliona stika zikielea kwenye beseni, nikadhani ni za akiba.

Basi limeondoka asubuhi na mitungi isiyo na kitambaa wala stika. Yote ya manjano, yote inafanana. Warsame akapiga simu. Akasema simu anayo, ila haoni pa kuielekeza. Nikamwambia mtandao wa Isiolo umesumbua. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Akina mama walinipita uani kama wanapita nguzo. Afadhali wangenigombeza. Mteja mkubwa wa Mama Istahil ni hoteli isiyokubali maziwa ya mtu mwingine, na akimpoteza huyo, watoto wake watakaa nyumbani muhula huu. Nimemkosea. Nilimwonea huruma kweli. Pia nilikifikiria chumba.

Alhamisi, 6 Februari

Alhamdulillahi! Kila mtungi umefika kwa mwenyewe. Warsame alifungua vifuniko, akawaita wateja, wakanusa. Kumbe kila mama ana moshi wake. Huyu hufukiza kidogo, yule huzidisha, na Mama Istahil huchanganya gome fulani ambalo hamwambii mtu. Mpishi wa hoteli alipita mtungi baada ya mtungi, akainama, akasema maziwa yake ni haya.

Nimeliandika kwenye ripoti: utambuzi wa dharura kwa njia ya pua, umejaribiwa, umefaulu. Mama Umulkheir aliisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akashika ukuta. Nimeichukua kama dalili njema.

Mama Istahil amenipa leso kuukuu za kila rangi nirarue vitambaa vipya. Nimefunga vyote. Mafundo yangu ni imara, lazima nijisifu.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala, uamuzi. Mama Umulkheir amesema kilichookoa maziwa ni moshi, basi chumba ni cha moshi. Nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Mama Istahil akasimama. Sijui ni huruma au ni kuchoka kuniona. Akasema mtoto wa watu naye asiachwe na mashine yake chini ya chai, atanipa kona moja, ile yenye soketi. Niseme ukweli, machozi yalinilenga. Nina kona! Ndani ya chumba chenye mlango! Awamu ya kwanza imekamilika.

Jumamosi, 8 Februari

Kona ni nzuri. Macho yanawasha, lakini hakuna mbu. Mama Istahil ameniletea kikombe cha maziwa na kuniita Injinia, safari hii bila kucheka. Ameniambia nifunike seva kwa turubai kila anapowasha kuni, maana moshi na mashine havipatani. Nikaitikia kwa adabu.

Lakini nimekaa nikafikiri. Maziwa yasiyofukizwa huharibika kabla hata ya kuvuka Meru. Yaliyofukizwa hufika Nairobi salama, na joto lote hili. Je, kuna aliyewahi kujaribu hivyo kwa kompyuta? Hakuna. Wataalamu wote wanakaa Nairobi, ejersa wataitoa wapi?

Mama Istahil ameenda kupokea maziwa yanayotoka Ngaremara. Nimefungua skrubu za seva, kifuniko kiko chini. Makaa yameshika vizuri.