Nta ya Ipole Kwenye Baraza la Mama Mkubwa

Jumatatu, 2 Septemba

Ningezaliwa enzi za misafara, pembe za ndovu zingetembea zenyewe hadi Bagamoyo, na wapagazi wangekaa kivulini wakinisifu. Akili kama hii haijawahi kuonekana Tabora. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wanajifunza kwangu.

Leo nina hasira. Sababu ni Godbless.

Godbless ni seremala, karakana yake iko ng'ambo ya ua wetu. Ana mashine ya msasa na cheti kwenye fremu. Asubuhi kaitwa na Mama mkubwa Apolinaria, dada wa mama yangu ninayekaa kwake, aje aangalie baraza. Ni baraza la mbao tupu za mninga, nyuma ya nyumba, limeinuka kimo cha paja, halina paa. Alilijenga marehemu Baba mkubwa Mathias kwa mikono yake. Tangu afariki, miaka minne, hakuna aliyeligusa. Limekuwa la kijivu kama punda. Na Jumamosi wageni wanatoka Nzega kuleta barua ya posa ya Julieth, binti yake. Watakaa hapo hapo, maana sebule yetu wakiingia watu sita, wa saba anapumulia dirishani.

Godbless kalizunguka baraza kama daktari. Kachomeka bisibisi kwenye ubao wa tatu kutoka ngazini, ikazama hadi mpini. Akasema umeoza, utolewe. Halafu kusugua, kuacha likauke, kupiga msasa, kupaka mafuta ya mbao mara mbili. Eti likauke. Mbao zimelala juani miaka minne, yeye bado anataka zikauke.

Nikamuuliza Mama mkubwa kwa nini kazi apewe mtu baki wakati nyumbani fundi yupo. Akauliza fundi yupi, akachungulia nyuma yangu. Godbless akacheka. Akaniita dogo. Nina miaka ishirini na moja na ndevu ziko njiani.

Nikabishana mpaka Mama mkubwa akachoka. Akasema haya, fanya wewe. Lakini baraza la marehemu likiniaibisha mbele ya wakwe, Jumapili unapanda treni, unarudi Kaliua kwa baba yako kwenye tumbaku.

Tumbaku sirudi. Ile ni kazi ya watu wasio na mawazo.

Jumanne, 3 Septemba

Mama mkubwa kanishushia ubao kutoka darini. Mninga mwekundu, umefungwa gunia. Kasema aliuacha Baba mkubwa, uingie pale pa ubao wa tatu. Akataka kusema na jingine, kisha akaenda kupepeta mchele. Ubao mzuri sana. Safi, hauna hata alama.

Nimeutazama nusu saa. Kitu kama hiki kukiweka chini kikanyagwe ni dhambi. Nikawaza mbali, kama kawaida yangu. Wakwe wakifika watakuta baraza linang'aa. Watauliza nani kafanya. Nani atawajibu? Mimi siwezi kujisifu, nina haya. Kwa hiyo lazima kiwepo kibao.

Jioni ubao wa mninga umekuwa kibao. KULWA BINGWA WA MABARAZA. Herufi nyeupe, rangi iliyobaki ya madirisha. Nimekigongelea kwenye ua, kimemtazama Godbless usoni. Kakisoma kwa sauti, akauliza mabaraza mangapi. Nikamwambia mengine yanakuja.

Ubao uliooza nimeutandikia mkeka. Mama mkubwa kauliza kama nimeshaubadilisha. Nikasema tayari. Si uongo. Jana hapakuwa na mkeka, leo upo. Hayo ni mabadiliko.

Jumatano, 4 Septemba

Nimesugua baraza kwa fagio na sabuni ya unga. Magoti yamechubuka. Godbless katoa kichwa juu ya ua, akasema nifuate mistari ya mbao, nisisugue kama naogesha ng'ombe. Nikasugua kinyume makusudi. Sasa mbao zimeota manyoya. Akasema manyoya ni ya msasa tu, njoo uchukue mashine. Nikakataa. Akasema hata mafuta ya mbao anayo, kopo zima. Nikakataa. Ukipokea kopo la mtu, kesho anatangaza kazi ni yake.

Isitoshe nina siri. Nta! Kila mwenye kichwa anajua nta inang'arisha mbao. Rafiki yangu Shilinde wa Ipole, ukoo mzima ni warina asali, kashuka leo kwenye basi na gunia la masega yaliyokamuliwa. Tumebadilishana na jogoo wa Mama mkubwa, yule mkorofi anayenidonoa visigino.

Shilinde akaeleza. Chemsha masega na maji, chuja kwa kitambaa, acha yapoe mpaka kesho yake. Nta itaganda juu kama kifuniko. Yale maji matamu ya chini kamwage mbali na nyumba. Akarudia, mbali. Nikamwambia nimesikia. Akasema hapana Kulwa, nakujua, mbali. Watu wa Ipole wana tabia ya kurudiarudia.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeamka na wazo. Kwa nini nimwage nusu ya mali? Utamu nao si una rangi ya kahawia? Na mbao si zinataka kahawia? Hawa warina asali wamemwaga vanishi porini tangu enzi za babu zao, hakuna aliyewaambia.

Nikayeyusha gunia zima kwenye sufuria ya pilau. Sikuchuja. Sikungoja. Nikakoroga mpaka ukawa uji, nikaupaka wa moto kwa brashi ya chokaa, kuzunguka mkeka. Baraza likang'aa kama paji la uso la mheshimiwa.

Mama mkubwa alitoka, akasimama mlangoni na upindo wa kanga mdomoni. Akasema Mathias angefurahi. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia sufuria.

Godbless akaja akanusa. Akauliza umechuja? Nikamwambia wivu wako ndio haujachujwa. Akasema haya fundi, ila Jumamosi jua litawaka. Akaenda zake. Huo ni utabiri wa hali ya hewa au vitisho?

Ndala yangu ya kushoto imeganda kwenye ngazi. Nimeikata kwa kisu. Kipande kimebaki.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekasirika kuliko Jumatatu. Sisimizi. Si mmoja, si mia. Wamepanga mstari kutoka ukutani kwa Godbless hadi barazani kwetu, wengine wanakwenda, wengine wanarudi wamebeba. Wametoka upande wake. Sisemi kawatuma. Nasema wametoka upande wake.

Nikafagia, wakapanda fagio. Nikamwagia maji, wakazunguka. Wameniuma mahali ambapo hata kwenye daftari langu mwenyewe sipaandiki.

Hapo akili ikafanya kazi. Chini ya kitanda nina tumbaku ya baba, kanipa tangu Juni nimpelekee babu kule Ntalikwa. Nikaitwanga ikawa vumbi, nikainyunyiza baraza zima. Saa tisa sisimizi hakuna hata mmoja. Babu atanishukuru, kuvuta ni vibaya.

Julieth katoka kuanika nguo, kapiga chafya mara kumi na moja. Macho mekundu. Akaniuliza kama kesho mambo yatakuwa sawa. Nikasema kabisa dada. Akasema Kulwa, watu wengine hupata siku nyingi nzuri, mimi naomba hii moja tu. Nikamwambia asinitie presha, mafundi hatupendi presha.

Mama mkubwa anamtafuta jogoo wa wageni. Nikasema labda kicheche.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika nikiwa chumbani, jicho moja limefumba. Si usingizi. Ni nyuki.

Wageni walifika saa nne, watu sita. Mbele mshenga, Mzee Jilala, mtu mzito wa suti ya kahawia. Shikamoo, marahaba, habari za Nzega, poleni na safari. Wakasifu baraza. Mmoja akasoma kibao changu. Mama mkubwa akanitazama kwa upole ambao sijauona tangu nihamie. Ningekufa dakika ile ningekufa bingwa.

Mzee Jilala akasimama kando ya mkeka, akaanza kwamba wametumwa na wazazi wa kijana wao Masolwa, wameona ua katika nyumba hii. Akapiga chafya. Akaanza tena kwamba wametumwa. Chafya. Wakwe wote wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kama wanaitikia litania kanisani. Akaketi apumzike.

Saa tano jua likawaka. Nta ikalainika. Miguu ya viti ikaanza kuzama taratibu. Bibi mmoja akataka kupishanisha miguu, kiatu kikakataa. Bado nilikuwa na matumaini.

Akaja nyuki mmoja. Akaonja. Akaondoka, na mimi nikashukuru. Kumbe kaenda kuwaita.

Walikuja kama gunia limemwagwa kutoka juu. Mzee Jilala akasema kwa sauti ya chini kila mtu atulie, asipunge mkono, watakula wataondoka. Watu wa Nzega wakatulia kama picha ya ukutani. Hata hivyo wangeenda wapi, viatu vimeganda.

Mimi sikutulia. Mimi ndiye fundi. Nikaunyakua mkeka nikaanza kuwapiga nao.

Nyuki ambao walikuwa wanakula sasa wakawa wanauma. Mzee Jilala akachomoka, kiti kikaja naye nyuma ya suruali. Akapiga hatua moja, pale pale nilipotoa mkeka. Ubao wa tatu ukamkubali mguu mzima hadi pajani. Akabaki amesimama nusu, ameshikilia barua ya posa juu ili isichafuke.

Aliyetuokoa ni Julieth. Alitoka jikoni na jiko la mkaa, kalijaza majani mabichi, moshi mzito, gauni jipya, machozi yanamtiririka, anatembea polepole kati ya nyuki kama anapitisha chetezo. Wakaondoka. Godbless akaruka ua, akamtoa mzee kwa nondo.

Barua ilisomewa jikoni, mguu wa mshenga kwenye beseni la maji ya chumvi. Mzee Jilala akasema binti anayetuliza nyuki huku analia hahitaji kuulizwa maswali mengi. Posa imepokelewa. Julieth akacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha mzee akauliza taratibu, huyo bingwa ni nani. Wote waligeuka kutazama kibao.

Jumapili, 8 Septemba

Stesheni. Nasubiri treni ya Kaliua. Kila mtu ananitazama jicho.

Mama mkubwa hakunifokea. Hilo limeniudhi zaidi. Alitoka misa, akaenda uani, akang'oa kibao changu mwenyewe kwa nyundo. Akampa Godbless. Godbless akakipeleka kwenye tundu la ubao wa tatu bila kupima, bila randa, akakiachia tu. Kikaingia. Hakikubaki hata upenyo wa kupitisha wembe. Maandishi yametazama juu. Godbless alitaka kukigeuza, Mama mkubwa akasema acha hivyo hivyo, nataka nikanyage. Akakanyaga. Akapita, akarudi.

Wao wataendelea kukwangua nta wiki nzima. Wanapoteza kitu. Mimi nimeshawaza: bani la baba la kukaushia tumbaku, Kaliua, paa lake la nyasi linavuja. Nta ya moto juu ya nyasi zile, safari hii tabaka mbili, na moshi wa bani utafukuza nyuki wenyewe. Shilinde nimeshampigia simu. Baba ana majogoo manne. Baba haambiwi mpaka limalizike.

Kwa hiyo nta haikuwa kosa. Nyuki ni bahati mbaya, chafya ni mapafu dhaifu ya watu wa Nzega, na jua si langu.

Ila Jumanne niliandika kwamba ule ubao haukuwa na alama. Ulikuwa nayo. Upande wa nyuma, kwa penseli, mwandiko wa Baba mkubwa: *Akiba ya baraza. Wa tatu umeanza kulegea, Apolinaria asijikwae.*

Niliusoma wote. Mimi kusoma najua.