Malalamiko Kuhusu Ukuta Uliogoma Kupanda Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwa Meneja wa Huduma za Daraja la Kwanza, pamoja na wakurugenzi, marubani, wahudumu na mafundi wote watakaokusanywa ukumbini kusomewa barua hii, kama ninavyoomba wakusanywe.

Ndugu Meneja,

Natumaini salamu zangu zinawakuta wazima, mmeketi wima, na kila mmoja amevaa nguo zake za mchana.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Kila asubuhi husimama mbele ya watu wengi na kuwaambia mambo wasiyopenda kuyasikia, nao huyasikia kwa sababu huyasema kwa utaratibu. Leo nimesimama mbele yenu. Wengine huwaandikia kulalamikia mabaya mliyowafanyia. Mimi nalalamikia wema.

Mke wangu ni muuguzi katika nchi ya mbali, na huko amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Likizo yake ya uzazi inakwisha, mkataba wake bado. Ilibidi mtoto aje nyumbani na mtu, na waliopanda ndege yenu kumfuata walikuwa wawili: mimi baba yake, na mama mkwe wangu. Mama mkwe alikwisha kuamua kwamba mtoto atalelewa kwake. Mimi nilitaka alelewe kwangu. Kumwambia hivyo sikuweza, kwa maana mwanamume mwenye adabu hashindani na mama mkwe uso kwa uso. Tangu siku nilipoposa, kila neno kati yetu limepitia kwa mshenga, mzee mmoja mtaratibu ambaye mtaa mzima humwita Mzee Sukari. Na Mzee Sukari, Ndugu Meneja, hana pasipoti.

Kwa kulijua hilo nilijipanga mapema. Mama mkwe nilimkatia kiti cha mbele katika daraja la kawaida. Mimi nikajikatia cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. Kati yetu wangekaa abiria wa kutosha kujaza mabweni yangu yote. Nilipanga tufike salama bila kuonana, kisha jambo la mtoto lisemwe kwa simu, kwa kinywa cha mshenga, kama linavyosemwa na watu waliolelewa. Ninyi mkauharibu mpango huo kwa namna zifuatazo.

1. Kupandishwa daraja bila kuulizwa.

Bibi wa kaunta aliiona fimbo ya mama mkwe, akaona na goti lake linavyovimba, akaingiwa na huruma. Akauliza kama sisi ni ndugu. Nikajibu ndiyo, kwa majivuno ya mtu asiyejua anachokitia saini. Akachana karatasi zetu za kupandia ndege, akatupa nyingine, akatutakia safari njema ya daraja la kwanza, sote wawili, pamoja. Mwajiri wangu amekataa kunipandisha daraja miaka yote niliyomtumikia kwa chaki na jasho; ninyi mmenipandisha kabla sijamaliza kufunga zipu ya begi. Mama mkwe alinitazama kana kwamba namhonga. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Bibi yule alitenda wema akabaki pale pale akitupungia mkono.

2. Kitanda.

Kijitabu chenu kinasema: "Jisikie uko nyumbani." Nyumbani kwangu mama mkwe hajawahi kuvuka sebule. Hukaa kiti cha karibu na mlango, hunywa nusu kikombe cha chai, hushukuru, huondoka. Ndani ya ndege yenu alionyeshwa kitanda changu kabla magurudumu hayajaondoka ardhini.

Mlitupa viti pacha vya katikati. Kati ya viti hivyo kuna ukuta mfupi unaopanda kwa kubonyeza kitufe. Mhudumu wenu, kijana mpole mwenye meno mazuri, akabonyeza. Ukuta ukapanda kimo cha kikombe, ukaguna, ukagoma. Akaupiga kofi, kama anavyopigwa mbuzi anayekataa kuingia zizini. Haukutikisika. Akaahidi kwamba fundi atautazama tukitua. Kisha, kwa tabasamu lile lile, akauliza kama atutandikie kitanda kimoja kipana, maana familia nyingi hupenda hivyo.

Hapa naacha nafasi ili ukumbi mzima uone haya.

3. Nguo za kulalia.

Tuligawiwa suruali laini, fulana laini na soksi. Bwana mmoja aliyeingia na tai na mkoba wa ngozi alikwenda msalani mtu mzima, akarudi amefanana na mgonjwa anayesubiri kupasuliwa. Wakabadilika wote, mmoja baada ya mwingine, bila aibu. Mimi nilibaki na suti, tai, mkanda na viatu, nimekaa katikati ya kitanda kilicholazwa, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa ofisini kujieleza. Mama mkwe naye alikataa. Akajifunga shali yake, akakaa katikati ya kitanda chake, fimbo mkononi. Vitanda viwili vya fahari, na juu yake watu wawili wamekaa wima wakitazama mbele, kama picha ya harusi ya zamani.

Na huko nyuma, upande wa pili wa pazia mnalolifunga kwa bidii kuliko mlango wa rubani, watu chungu nzima walikuwa wamekaa wima vilevile, mabega yamebanana, heshima zao zimekamilika. Hakuna mkwe aliyewahi kumwona mkwe wake amelala chali katika daraja la kawaida, kwa kuwa hakuna pa kulala chali. Mlidhani mmewanyima raha, kumbe mmewahifadhia adabu. Mtu asiye na nauli mnamzuia kwa pazia, kwa kamba na kwa jicho la mhudumu. Mtu na mama mkwe wake mnawaachia kimo cha kikombe. Mnajua sana kuwatenga watu kwa nauli. Kuwatenga kwa heshima hamjafundishwa.

4. Kumlaza mshenga katikati ya maneno.

Shida ilipozidi, tulijitafutia mshenga papo hapo. Alianza mama mkwe. Alimwomba kijana wenu amwambie yule bwana apunguze taa yake. Yule bwana alikuwa mimi, umbali wa mkono. Nikamwomba kijana amwambie mama kwamba nimesikia na ninaomba radhi. Mwanzoni alidhani tumegombana, akatuletea chokoleti. Baadaye akaelewa, na nasema kwa haki, akaelewa vizuri. Aliinama upande huu, akapokea. Akazunguka kitanda, akainama upande ule, akatoa. Hakuongeza wala hakupunguza.

Nikapata ujasiri. Nikamtuma amwambie mama kwamba kuhusu mtoto, yapo mawazo. Akarudi: mama anauliza mawazo ya nani. Nikasema ya nyumba. Akarudi: nyumba ipi. Mtu aliyefunzwa kumimina juisi bila kutikisa glasi alikuwa amebeba hatima ya mwanangu, na hakumwaga hata tone.

Wakati nalitafuta neno la kulijibu hilo la nyumba ipi, akainama mara ya mwisho, akasema zamu yake imekwisha, yeye anakwenda kulala, ataonekana wakati wa kifungua kinywa. Akazima taa. Ndugu Meneja, ni wapi duniani mshenga hupanda kitandani posa ikiwa mezani? Tulibaki wawili. Juu yetu mlikuwa mmewasha vinyota vidogo kwenye dari, kwa ajili ya wapenzi.

5. Maneno yaliyotokana na hali hiyo.

Kwenye kioo kilicho mbele yetu kindege kidogo kilikuwa kinatambaa juu ya ramani. Mama mkwe akakitazama hicho kindege na kunisemesha mimi moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aniozeshe binti yake.

"Mwalimu, huyo mtoto unamtaka, humtaki?"

Nilisimama kwa heshima, nikagonga kichwa kwenye taa yenu ya kusomea. Natoa hotuba kwa riziki yangu. Nina methali za ufunguzi, nina mifano, nina hitimisho. Vyote vilinikimbia. Nikasema: "Namtaka, Mama. Namtaka alelewe kwangu."

Alikifuata kindege kwa macho mpaka kikavuka mto. Kisha akaeleza, bila kunigeukia, kwamba Mzee Sukari alipotumwa kuniletea uamuzi wake, alirudi akisema nimekubali kwa furaha, tena nimeshukuru. Akajiuliza ni baba wa namna gani anayetoa mwanawe na asante juu. Hapo ndipo alipoapa kumchukua yeye, kwa kuwa mtoto asiyetakiwa na baba yake sharti atakiwe na mtu. Nami nikamweleza kwamba ujumbe wangu wa kupinga, niliouandaa kwa siku nyingi, Mzee Sukari aliniambia umepokelewa kwa tafakuri. Mama mkwe akasema haukumfikia ujumbe wowote. Zilimfikia salamu, na habari kwamba namsifu kwa hekima yake.

Basi mzee yule alikuwa akimpa kila mmoja wetu kile ambacho kingemfanya amwongezee chai. Tuliheshimiana kwa dhati, Ndugu Meneja, na kwa heshima hiyo mtoto wangu alikuwa karibu kupotelea katikati. Ukuta wenu ungepanda vizuri, tungeendelea kuheshimiana hadi leo.

Kisha mama mkwe akasema: "Sasa vua viatu ulale. Nimelea wavulana wanne, miguu ya mwanamume hainitishi."

Nikavua. Nikalala. Yeye akanitangulia kusinzia, na hapa ndipo madhara yanapokuwa hayafidiki: sasa najua kwamba mama mkwe wangu anakoroma. Ni habari ambayo hakuna mkwe anayestahili kuwa nayo, na hakuna fidia itakayoniondolea.

6. Matokeo ya kudumu.

Asubuhi, juu ya kifungua kinywa, mama mkwe alitoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto ataletwa kwangu. Naye atakuja kukaa kwangu, chumba cha wageni, kwa sababu wakati mimi nahutubia watoto wa watu ni nani atakayemwogesha wa kwangu? Nilimkumbusha kwa unyenyekevu kwamba haipendezi mkwe kulala chini ya paa la mkwewe.

Akaniuliza: "Na hapa tumelala wapi?"

Nimefundisha midahalo kwa muda mrefu, nami nikampa ushindi.

Kwa hayo yote, nadai haki zifuatazo. Ukuta wa viti pacha ujengwe kwa tofali, wala usitegemee kitufe. Abiria anapokata tiketi asiulizwe atakula nini. Aulizwe ameoa kwa nani, na huyo nani anasafiri lini. Lianzishwe daraja jipya, Daraja la Wakwe, lenye viti vya mbao vilivyonyooka, nusu vikitazama mbele na nusu vikitazama mkia, ili watu wafike wamechoka lakini wanatazamika. Nguo za kulalia ziwe na tai. Kila ndege ya usiku ibebe mshenga mwenye cheti, asiyelala, na ikiwezekana asiyependa chai. Mwisho, nipewe tamko lenye muhuri wa shirika kwamba yote yanayotokea juu ya mawingu ni batili yakifika ardhini, ili niliwasilishe nyumbani na kukirudisha kile kiti cha karibu na mlango mahali pake. Mkishindwa, nirudishiwe kiti changu cha choo, maisha yangu yote.

Nisalimieni rubani, ambaye naambiwa naye alilala kwa zamu, ila yeye hakuwa na mkwe ubavuni. Bibi wa kaunta nimemsamehe nusu. Kijana mshenga mpeni mkono wa pekee: alipoamka alikuja mbio kuuliza imeishaje, tukamweleza sote wawili kwa pamoja, tukikatana kauli, na yeye akamimina juisi nje ya glasi. Wasalimieni pia wote walio nyuma ya pazia, mwaambie wasiwaonee wivu walio mbele.

Ni mimi niliyekaa wima muda wote nilioruhusiwa,

Mwalimu Mkuu, baba wa mtoto.

Tanbihi: Naiandika barua hii mezani kwa mke wangu. Mama mkwe yuko hapa hapa, anamwogesha mtoto kwenye beseni, na amenitaka niisome yote kwa sauti, bila kupitia kwa mtu. Ameikubali, isipokuwa habari ya kukoroma, ambayo anasema ni yangu. Tunarudi mwisho wa mwezi, safari hii watatu, na anaomba viti vile vile vya katikati, kwa kuwa yako mambo ya tangu enzi ya posa ambayo hatujayamaliza. Kwa hiyo kama fundi wenu bado hajaugusa ule ukuta, tafadhali mwambieni asihangaike.