Babu Miburo na Kahawa ya Kwanza ya Gishubi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Ushirika wetu hapa Gishubi, Burundi, unajenga kituo kipya cha kuoshea kahawa. Kitapewa jina la mtu aliyekuwa wa kwanza kulima kahawa kilimani kwetu, enzi za Wabelgiji. Jirani yangu Kasiano anasema ni babu yake, Sindaye. Haiwezekani. Nimesimama mkutanoni nikasema ni babu yangu, Miburo. Mwenyekiti, Mama Christina, akauliza ushahidi uko wapi. Nikasema upo.

Haupo. Nimezaliwa na kukulia Tanzania. Babu sikumwona hata kwa picha. Mke wangu Imelda anasema muda niliosimama pale ungetosha kuvuna maharage.

Jumatano, 5 Juni

Gitega, kwa mwalimu mstaafu Ignasi, anayetunza picha za kale. Nimepekua masanduku asubuhi nzima. Vumbi. Chafya. Halafu, Mungu mkubwa: mwanamume amesimama katikati ya mibuni iliyostawi, jembe jipya begani, anacheka. Nyuma imeandikwa Miburo, Gishubi. Pua ni yangu kabisa.

Nikaipeleka studio, wakaikuza ikawa kubwa kama mlango. Wakati wa kurudi upepo ukaishika, na pikipiki ikatuteremsha mtaroni, mimi na dereva. Mimi nimechubuka goti. Babu salama, bado anacheka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwonyesha Kasiano. Akaitazama muda mrefu.

“We Urbano,” akasema, “hii shamba mi niko naijua.”

Wivu huo. Lakini Mama Christina naye kasema picha haina mdomo, nilete mtu aliyekuwepo. Nimemkumbuka Shangazi Zaituni, dada wa marehemu baba, miaka themanini na minane. Alibatizwa Efrazia, akaolewa na fundi cherehani Muislamu huko Muyinga, akabadili dini na jina. Hajakanyaga Gishubi tangu mwaka wa sabini na mbili, baba alipokimbilia Tanzania. Kesho naondoka.

Jumapili, 9 Juni

Muyinga. Shangazi alinishika uso kwa mikono miwili, akasema ni uso wa baba yake. Nikamfunulia picha. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Upendo wa mtoto kwa baba, nikajua ushindi ni wangu.

Akauliza kama ukoo wa Sindaye bado upo. Nikasema upo, kwa bahati mbaya.

“Basi tuende, mwanangu. Mi siko nakufa bila kuisema hii.”

Njiani sikumuuliza neno, ushahidi usije ukachafuka. Tulikula sambusa zake zote kabla ya kufika Karuzi.

Jumanne, 11 Juni

Mkutano. Watu wamejaa. Imelda kakaa mbele na kitenge kipya. Mimi ndiye niliyemwambia akae mbele. Shangazi akasimama, akasimulia.

Babu aligawiwa miche ya lazima kama wote. Akaipanda kichwa chini, mizizi juu, kisha akamwambia bwana shamba wa Kizungu kwamba udongo wake umekataa kahawa. Akachapwa fimbo. Sindaye, jirani yake, akapanda vizuri. Siku ya ukaguzi Sindaye alikuwa ameenda ukweni. Mzungu alipofika kwenye lile shamba zuri, alimkuta Babu amesimama humo, akipumzika kivulini. Akampa mkono, akampiga picha, akamzawadia jembe.

“Na Sindaye aliporudi,” akamalizia, “baba akamwazima ile jembe. Kila mwaka alikuwa anamwazima.”

Ukumbi ulilipuka. Kasiano alicheka machozi yakamtoka, kisha akaja kunikumbatia mbele ya watu wote. Kituo kitaitwa Sindaye. Nilitafuta pa kujificha, nikakuta na mimi nacheka. Imelda anasema sasa hahitaji ushahidi wowote kwamba Miburo ni babu yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Shangazi amekataa kurudi Muyinga wiki hii. Asubuhi nzima alikuwa shambani kwa Kasiano, akishika mti mmoja mmoja, akituonyesha mahali Babu aliposimama. Kasiano amemchinjia mbuzi. Tumekula wote, ukoo wa Miburo na ukoo wa Sindaye, na kila mtu akaniiga ninavyosimama mkutanoni. Sijawahi kufurahi hivi tangu turudi Burundi.

Kwenye mbuzi nimesikia wafuga nyuki wa Bugendana nao wanatafuta jina la jengo lao. Babu mzaa mama alikuwa na mzinga. Labda miwili. Nimeshampigia simu mwenyekiti wao kumwambia ndiye wa kwanza nchini. Anauliza ushahidi. Nimesema upo.