Profesa Wangu wa Ubelgiji

Jumatatu, 5 Oktoba 2015. Ruti, Mbarara.
Nimepewa kazi. Kundi letu la wanafunzi limemaliza mradi: bakiteria tuliowabadilisha vinasaba, ukiwatia kwenye maji machafu wanageuka wekundu. Nehemiya ndiye aliyewalea miezi minane. Mimi nilivunja chupa kumi na moja, kwa hiyo nimeambiwa nisiguse kitu, niandike ukurasa wa shukrani. Wamecheka. Hawajui kwamba anayegawa shukrani ndiye mkubwa. Daktari Kabanda, mwalimu wetu, ataandika barua moja tu ya kumpendekeza mwanafunzi kwa masomo ya Ubelgiji. Hiyo ni yangu.

Jumanne, 6 Oktoba.
Daktari nimemweka wa kwanza, kwa herufi nene. Mimi wa pili. Nehemiya nimemfupisha kuwa "na wengineo". Ukurasa ukabaki mtupu, kama wa watu wasio na marafiki. Nikaongeza Profesa Laurent wa Ubelgiji, mshauri wetu kwa barua pepe. Hayupo duniani, lakini jina limekaa vizuri.

Jumatano, 7 Oktoba.
Balaa. Daktari anataka kumshukuru Profesa mwenyewe. Nimekimbia kwenye kafe ya intaneti, nikamfungulia Laurent anwani. Saa kumi swali likaingia: kwa nini hata maji yaliyochemshwa yaligeuka pinki kidogo? Sijui! Nikamuuliza Nehemiya, kama mtu anayepiga soga tu. Akanieleza saa nzima, na chai akaninunulia. Mtu wa ajabu, hana hila hata moja. Profesa akajibu vizuri sana. Mwishoni akamsifu kijana mmoja aitwaye Anselme, yaani mimi.

Alhamisi, 8 Oktoba.
Jibu limempendeza Daktari kupita kiasi. Ameagiza Profesa awe wa kwanza, yeye wa pili. Mimi nimeshuka hadi wa tatu kwa sababu ya mtu niliyemuumba mwenyewe. Wivu umenishika hadi chakula kimenishinda.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Siku ya kuonyesha mradi. Ukumbi umejaa. Daktari akauliza, mbele ya watu, yule mama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale yuko wapi kwenye ukurasa. Nilimsahau kabisa. Mukamazimpaka, muuza soda, ndiye aliyetuonyesha visima vinavyowaletea watoto magonjwa. Chupa zetu za maji zililala kwenye friji yake, soda zake zikakaa nje kwenye joto. Nehemiya akasimama akamtaja, watu wakapiga makofi marefu.
Kisha Daktari akaniita pembeni. Hakupandisha sauti.
"Anselme, wewe na Profesa mnakosea neno lilelile. Wote mnaandika 'bakiteria'."
Barua ya Ubelgiji amepewa Nehemiya. Mimi niende Nakivale, nishukuru kwa mdomo.

Jumamosi, 10 Oktoba. Nakivale.
Nimepita Kabingo, nimefika na vumbi hadi kwenye kope. Nimemwambia Mama Mukamazimpaka kila kitu, hata habari za Profesa. Alicheka hadi akakaa juu ya kreti. Nikaomba msamaha kwa ajili ya jina lake. Jina hakulijali.
"Sasa ile maji ya kisima ya chini," akauliza, "batoto bakunywe ao basikunywe?"
Nikamwambia wasinywe. Cha juu ni kizuri, tumekipima mara sita. Palepale akawaita majirani, na wanawake waliokuwa wakishuka na madumu wakageuza njia, wakapanda. Nilisimama nikiwatazama hadi wa mwisho. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Akanipa soda baridi, bure.

Jumapili, 11 Oktoba.
Nimeamka hukohuko Nakivale, na moyo mweupe. Hila basi. Baada ya ibada nimemwomba Mama barua ya kunipendekeza, yenye ukweli mtupu. Amekubali, ila Kifaransa chake hakitoshi, nimwandikie mimi. Nimeandika. Lakini "muuza soda" halitasomeka vizuri kule Ubelgiji, kwa hiyo nimemwita Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Baridi, Nakivale. Ametia sahihi bila kusoma, mkono mmoja ukinimiminia maziwa. Muhuri nitauchonga kesho, kwa kiazi.