Dhoruba ya Santa Rosa na Ubao wa Binamu

Jumatatu, 25 Agosti

Barafu tupu! Jua la jana liliyeyusha mlima, baridi ya usiku ikaugandisha tena. Nimepanda na ubao wangu wa kutelezea theluji, nimeteleza, nimekalia mfupa wa mkia. Haukuvunjika. Nashukuru.

Doña Ercilia, mkuu wa walimu hapa mlimani, ametangaza kuwa Jumamosi wafanyakazi tutashindana kushuka kwa ubao. Mshindi atafundisha watoto msimu ujao. Kufundisha! Nje, juani! Mimi ambaye kutwa nimejifungia kukodisha buti na kunusa soksi za watu wa Buenos Aires. Kazi hiyo ni yangu.

Kikwazo ni binamu yangu Fabricio, msimamizi wa mashine ya kamba inayovuta watu juu. Tunaishi nyumba moja, kwa mama yake, Shangazi Hortensia. Kwenye barafu hashikiki. Kila jioni ananoa kingo za chuma za ubao wake kama muuza nyama. Leo amenipita nimekaa chini, akauliza aniletee kiti.

Jumanne, 26 Agosti

Nimepata! Barafu ndiyo nguvu yake, basi barafu isiwepo. Jumamosi ni tarehe thelathini, sikukuu ya Santa Rosa, na nchi nzima, kuanzia vinyozi hadi mapadri, inajua kwamba siku hiyo dhoruba lazima ije. Kwetu dhoruba ni theluji ya unga, ya magotini. Kwenye unga makali hayana kazi. Unataka ubao mpana, unaegemea nyuma, pua inaelea. Ubao mpana ninao, aliniachia mgeni aliyeapa hatarudi tena mlimani.

Nimemwomba Doña Ercilia asogeze mashindano kutoka asubuhi hadi alasiri, ati watoto nao waone. Kusudi unga ujae. Amesema nina moyo mzuri. Nimeshukuru kuonekana.

Alhamisi, 28 Agosti

Mazoezi. Leo theluji ina gamba juu, laini chini. Gamba limenibeba, limenibeba, limepasuka. Ubao ukabaki, mimi nikaendelea na safari. Fabricio ameacha mashine yake, akanivuta kwa mkanda, akanifuta theluji masikioni. Kauliza, safari hii kiti au kitanda? Nimemshukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nawaza nta.

Theluji ya baridi hutaka nta ngumu chini ya ubao, theluji ya maji hutaka laini. Ukikosea, unanata. Wakati wa siesta, kijiji kizima kikikoroma, nimekwangua nta ngumu ya Fabricio na kumwekea laini kuliko zote, nikiiyeyusha kwa pasi ya Shangazi. Kwenye unga atasimama kama nguzo! Wangu nimeupaka ngumu kuliko zote.

Shangazi ameuliza kwa nini blauzi yake inanuka mshumaa. Nimesema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 29 Agosti

Hakuna wingu. Shangazi kajifunga kitambaa, kichwa kinamgonga. Anasema ni Zonda, upepo wa joto, unakuja. Nimemkumbusha Santa Rosa. Kasema, "Haya, wewe mngoje mtakatifu wako. Mimi kichwa changu hakijawahi kunidanganya." Namhurumia. Uzee huo.

Jumamosi, 30 Agosti

Zonda!

Asubuhi mlima ulikuwa mgumu bado. Mchana upepo ukashuka kutoka vileleni, wa moto, na vumbi lake. Kufikia alasiri, saa niliyoiomba mwenyewe, theluji ilikuwa uji. Fabricio kaondoka kama sabuni kwenye beseni. Mimi ubao ulinata, kiwiliwili kikatangulia. Nimemaliza kwa miguu, ubao kwapani. Watoto wamenipigia makofi. Namshukuru sana Doña Ercilia kwa kuwaleta.

Kisha Fabricio kachukua kipaza sauti. Kasema leo alikuta ubao wake umebadilishwa nta, na mikono ya nani inanuka nta nyumbani kwao anajua. Nikatafuta njia ya kutokea. Kumbe analia! "Huyu binamu yangu aliiona Zonda kabla yetu sote, akanitengenezea ubao mimi, mpinzani wake! Nyie mnaye ndugu kama huyu?" Mlima mzima umepiga makofi. Shangazi kanibusu mbele za watu. Ningefanyaje? Nimeinamisha macho, kwa unyenyekevu.

Halafu Fabricio, mshindi, akamwambia Doña Ercilia kwamba bila mimi hafundishi. Amekubali! Nitapaka nta mbao za shule nzima na kufundisha wanaoanza. Kwaherini, buti! Jioni tumekula mbuzi wa kuchoma, Fabricio kaniwekea mbavu zote. Nimelia kwelikweli. Hakuna aliyewahi kunitendea hivi. Nimeapa, ujanja basi.

Jumapili, 31 Agosti

Theluji! Unga mpaka magotini! Santa Rosa kachelewa siku moja tu. Si nilisema? Mpango wangu haukuwa na kasoro hata kidogo, kalenda ndiyo iliyoharibu.

Na Doña Ercilia hajasema kati yetu nani atakuwa mwalimu mkubwa. Nimemwomba Fabricio turudiane kesho, kirafiki, Doña Ercilia akitazama. Kacheka, kakubali. Ubao wake alikwisha kuurudishia nta ngumu. Siesta ilipofika, nimeikwangua, nikaweka laini.

Tulipokaa kunywa chai ya yerba, Fabricio kaja amebeba ubao uleule, kaufunga utepe mwekundu. Ni wangu! "Ulinishindia mimi, sasa ukushindie wewe, kaka." Yeye kesho ataazima ule mpana. Shangazi kajifuta macho kwa aproni. Mimi nimemkumbatia. Binamu wa namna hii hawazaliwi tena. Namshukuru Mungu, na nimelia tena.

Sasa wote wako nje wanatazama theluji. Nimeshaukwangua huu wangu mpya na kuupaka ngumu. Ule mpana uko pale mlangoni, na pasi ya Shangazi bado ina moto.